Hema la Mkwe

Akisa, ambaye sasa ndiye anakalia kiti changu pale ofisi ya safari, aliniambia nikiacha kazi niwaandikie yale niliyojua. Nikamwambia shule niliiacha darasa la nne na mwandiko wangu unapanda mlima. Akasema, "Andika vile unaongea, Kukhu." Kukhu ni nyanya kwa lugha ya kwetu Samia, na pale Malaba ndilo limekuwa jina langu, hata madereva wa malori wananiita hivyo. Haya, nimeandika vile naongea. Atakayeona makosa ayarekebishe kimya kimya, asiniletee huku Adungosi.

Habari za cheo sina. Ofisi yenyewe ilikuwa meza mbili na benchi, ungepanda kwenda wapi? Nitawaambia kazi, kwa sababu kazi ndiyo mmebaki nayo.

Nilipofika Malaba sikuja kutafuta ofisi. Nilikuja na birika na beseni la chapati, nikiuzia abiria wa mabasi ya Kampala. Mpaka ulikuwa bado ule wa zamani. Unagongewa muhuri upande wetu, unavuka daraja kwa miguu na mzigo wako, unagongewa tena upande wa Uganda, halafu basi liko au limekuacha. Watu walikuwa wanakunywa chai yangu huku wananiuliza. Mama, foleni ya wenye vitambulisho ni ipi? Mama, kadi ya chanjo wanaitaka kweli au wanatutisha? Mimi najibu huku nakunja chapati.

Mwenye ofisi alikuwa Mzee Emase, Mteso wa Moding, mrefu, mtu wa maneno machache, aliyekuwa tanboi, utingo wa malori, mpaka mgongo ukamkatalia. Alikuwa ananitazama kutoka mlangoni kwake. Siku moja alikuja akasimama mbele ya beseni.

"Mama wa chai," akasema, "watu wanakuuliza wewe, wananipita mimi mwenye kibao."

"Mzee, mimi siwaiti."

"Ndiyo hiyo nasema. Weka birika chini uingie ndani."

Siku ya kwanza alinikalisha kwenye meza ya pili, akamwita mzee mmoja aliyekuwa anampeleka mke wake kutembelea dada yake Jinja. Nikamuuliza yule mzee, kwa sauti ya mtu wa ofisi, anaenda wapi. Emase akakohoa.

"Hilo ameshalisema mlangoni," akaniambia mbele ya mgeni bila aibu. "Muulize analala vipi."

Nilidhani ananichezea. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa kazi yote. Analala vipi maana yake nani hawezi kupanda ngazi, nani anaamka mara nyingi kwenda haja, nani anakoroma, nani anaogopa giza lakini hawezi kusema mbele ya watoto, nani na nani huwezi kuwaweka karibu. Emase alisema barabara mtu anaivumilia kwa sababu anajua itaisha, lakini ukimpa kitanda kibaya atakisimulia mpaka Krismasi. Yule mzee wa Jinja, nilipomuuliza, aliangalia chini kidogo akasema mke wake halali kama mlango haujawekewa kiti. Basi tukatafuta chumba chenye kiti. Huwezi kujua mpaka uulize.

Miaka ya mwanzo watu walikuwa wanasafiri kwa sababu. Matanga, harusi, hospitali, mahujaji wa kwenda Namugongo. Sasa siku moja wakaingia mwalimu na mke wake, wamevaa vizuri, wakasema wanataka kwenda kukaa kisiwani, visiwa vya Sese, kule ndani ya ziwa upande wa Uganda.

Nikawauliza, "Poleni. Nani amefariki huko?"

"Hakuna, mama. Tunaenda kukaa tu."

"Kukaa kufanya nini?"

Mwalimu akamwangalia mke wake. "Kukaa," akasema.

Niliwaandikia jina lakini moyoni niliona hao wawili wana shida ambayo hawataki kuitaja. Baadaye wakaja wengine, na wengine, mpaka nikazoea kwamba kuna watu wanafunga nyumba, wanaacha kuku kwa jirani, wanakwenda kuangalia maji. Sasa najua sababu. Wakati huo sikujua.

Emase hakukubali umpeleke mtu kwenye kitanda ambacho wewe hujakikalia. Akanituma nikaone. Nilipanda basi mpaka Kampala, nikashika jingine mpaka Entebbe, nikapanda feri kwenye gati la Nakiwogo, na hapo nikajua kwamba mimi mtu wa Samia, niliyezaliwa karibu na ziwa hilohilo, sijawahi kuliona likiwa halina ukingo. Kule kisiwani nilimpata Nakato. Alikuwa na nyumba chache za kukodisha juu ya mchanga, na ulimi mkali kuliko wangu, ndiyo maana tulipatana. Alinitembeza nyumba moja baada ya nyingine, akanifanya nilalie kila kitanda na viatu nimevua.

"Nyabo," akaniambia, hivyo ndivyo Waganda wanamwita mwanamke wakimheshimu, "usiangalie ziwa. Ziwa kila mtu ataliona. Angalia upepo unaingilia dirisha gani."

Mengi ninayojua kuhusu kukaa kisiwani ni yake. Mgeni anayetapika umkalishe katikati ya feri, karibu na nguzo, umpe kipande cha tangawizi atafune. Usimuweke mbele ati aone vizuri, atakachokiona ni chakula chake cha asubuhi. Kuna siku sami wanapanda kutoka ziwani kama moshi, wale wadudu wadogo, na taa ikiwaka mlango ukiwa wazi mtalala nao. Wageni wetu wote wabebe unga wao. Kule watawapikia posho, ule ugali mweupe wa mahindi, na matoke kwa moyo mzuri kabisa, lakini mtu wa Busia siku ya pili ataanza kuulizia ugali wa muhogo na mtama, siku ya tatu atanuna, na hatasema kwa nini.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Kuna akina mama wa kanisa fulani walienda kule na kuku hai ndani ya kikapu, kwa sababu huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Niliwaambia hawaendi kwa watu, wanaenda kwa nyumba ya kukodi. Mwenyekiti wao akaniuliza, "Na hiyo nyumba haina mwenyewe?" Kuku alivuka mpaka, sitasema vipi, na Nakato alimpokea kwa magoti yote mawili. Tangu siku hiyo wageni kutoka Malaba walikuwa wanapata shuka mpya. Kulikuwa pia na bwana mmoja wa Alupe ambaye alitaka kisiwa lakini hataki kusikia maji usiku. Tukamtafutia nyumba ya ndani kabisa, katikati ya michikichi. Aliporudi akalalamika kuhusu nyani. Huyo nilimwacha.

Hema mnaloliona nyuma ya mlango lilikuwa la Emase. Wazungu wawili gari lao lilifia Malaba, wakaamua kuendelea kwa basi, wakamwachia. Ni la kijani, la mtu mmoja, au wawili wanaopendana sana. Emase alinifundisha kulisimamisha pale uwanjani nyuma ya ofisi, huku wauza mahindi wakituangalia na kutoa maoni. Tulilitumia kwa abiria waliokwama, malori yakifunga njia. Emase alipozeeka akarudi Moding, na baadaye tukamzika huko. Hema lilibaki na mimi. Kila mwaka nalianika, nalipaka nta kwenye mishono. Sikujua namtunzia nani.

Sasa niwaambie kuhusu Okiring na mke wake, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho, na Akisa alikuwepo mwanzo wake tu.

Okiring mnamjua, anashughulikia karatasi za malori pale mpakani. Mke wake ni Nabwire, mwalimu wa watoto wadogo, msichana wa kwetu Samia. Nabwire alikuwa amejifungua mtoto akiwa hana uhai, na huyo alikuwa wa pili kuzikwa. Alirudi kutoka hospitali akakaa kwenye kiti kimoja karibu na dirisha. Halii. Hali chakula, mpaka abembelezwe. Ukimsalimia anaitikia kama mtu aliye chumba kingine. Okiring alikuja ofisini amekonda kuliko mgonjwa.

"Nataka nimtoe kwa hiyo nyumba kidogo," akasema. "Nguo za mtoto ziko hapo, nikizitoa ataona nimezitoa, nikiziacha anaziona. Daktari amesema apumzike mahali pengine. Nimemuuliza unataka kwenda wapi, hajajibu. Nimetaja kisiwa, akasema neno moja. Akasema, 'Na mama.'"

"Amesema hivyo?"

"Ndiyo neno la kwanza amesema bila kuulizwa mara mbili. Kwa hivyo tunaenda na mama yake."

Akisa alikuwa ameshatafuta kwenye simu na kuongea na Nakato. Alikuwa amepata nyumba nzuri, ile iliyo karibu na ukanda mwembamba wa mchanga, na alikuwa amefurahi kwa haki, kwa sababu ilikuwa likizo ya shule na kila mahali pamejaa.

"Vyumba viwili, Kukhu," akaniambia. "Kila chumba na mlango wake na kitasa chake."

"Na mapaa mangapi?"

Akisa akaweka simu mezani. Okiring akajishika kichwa kwa mikono miwili.

Nyinyi mnajua, lakini naandika kwa sababu najua pia mnasahau. Kwetu mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja. Kwa Wasamia ni hivyo, kwa Wateso ni hivyo. Hawagusani ovyo, hawakalii kiti kimoja, na usiku ukiingia kila mmoja ana paa lake. Si ugomvi. Ni vile wanaheshimiana. Okiring ni mtu wa Moding, amelelewa na hiyo tangu kunyonya.

"Mama, nilikuwa nafikiria Nabwire tu," akasema.

Nilimwamini. Mtu akiwa na mgonjwa anaona kitanda, haoni paa.

Tulimpigia Nakato. Nyumba zake zote zilikuwa zimechukuliwa na watu wa harusi, mpaka ile ya mlinzi. Akisa akasema tumtafutie mama chumba kwa masista, ng'ambo ya kilima. Okiring akasema usiku ndio unamtesa Nabwire, sasa mama akiwa ng'ambo ya kilima usiku, amekwenda kufanya nini? Nikasema basi waende wanawake wawili, yeye abaki. Okiring akatikisa kichwa.

"Watu wa kwetu wameanza kunong'ona kwamba nioe mwingine," akasema. "Amesikia. Nikibaki hapa, atakaa huko akihesabu kwamba nimeanza kuondoka."

Tarehe nyingine haikuwepo. Shule ikifunguliwa anarudi darasani kwa watoto wa watu, na kazini kwa Okiring walikuwa wamempa siku hizo tu. Na kila mmoja wetu pale aliona jambo lilelile: Nabwire alikuwa amefungua mlango kidogo. Tukimwambia angoje, ataufunga.

Niliinuka nikaenda nyuma ya mlango nikatoa hema.

Okiring akaliangalia. "Mama, mimi ndiye nakodi nyumba, halafu nalala nje kama askari wa usiku?"

"Ndiyo."

"Haya," akasema. Hapo nikajua Nabwire ana mume.

Kesho yake nilipanda boda mpaka Samia kwa mama mtu, hema likiwa limefungwa nyuma yangu. Anaitwa Mama Wandera, mjane, wa rika langu, na nimesikia watu wakisema mimi ni mkali. Alinisikiliza nikieleza mpaka mwisho, halafu akasema nilifungue hapo hapo. Nililisimamisha uwanjani kwake, kuku wakikimbia. Akalizunguka kama mtu anayechagua ng'ombe sokoni.

"Hii ni nguo," akasema.

"Ni nguo, lakini ni nyumba."

"Ina paa lake?"

"Paa lake, mlango wake, na sakafu yake imeshonewa."

"Na hizi kamba? Hazitafungwa kwa nyumba yangu?"

"Zinafungwa kwa vigingi. Tutaliweka ng'ambo ya nyasi, hata kivuli cha baraza hakitalifikia."

Akainama akachungulia ndani. "Mkwe wangu ni mrefu. Atakunja miguu."

"Atakunja."

Akasimama, akapangusa mikono kwenye leso. Macho yake yalikuwa yamejaa lakini hayakumwagika, hakuwa mtu wa kumwaga. "Huyo mtoto wangu amesema 'na mama'?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na hayo maji ni makubwa?"

"Ni makubwa. Hutaona ng'ambo."

"Angalau hunidanganyi. Basi twende na wewe. Kama ni kuzama, tuzame wawili wenye akili."

Ndivyo nilivyokwenda kisiwani nikiwa nimebakisha siku chache za kazi. Kwenye feri nilimkalisha Mama Wandera karibu na nguzo na tangawizi yake na rozari yake. Okiring alikaa juu kabisa, kwenye upepo. Nabwire alikaa katikati yetu sisi wawili, hatazami kitu. Wakati wa chakula yule mama akasema, "Nabwire, mwambie bwana yako kuna viazi hapa." Okiring alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, amekuja kuchukua maji. Akajibu, "Nabwire, mwambie mama asante, nimeshiba." Nabwire hakumwambia mtu yeyote kitu. Viazi vilimfikia kwa mkono wangu, na alivimaliza.

Siku za mwanzo sitawadanganya, hazikuwa nzuri. Mahali ni pazuri, mchanga mweupe, maji yanapumua polepole, na Nabwire alikuwa ametoka kiti cha dirishani Malaba akakaa kiti cha barazani Sese. Mama yake alikuwa analala naye kitanda kimoja, mimi chumba cha pili, na usiku nilikuwa nasikia mama mtu akimwimbia vile watu wanaimbia mtoto mdogo, naye hajibu. Asubuhi Okiring anatoka hemani kwa magoti, anajinyoosha kipande kwa kipande, anakuja mpaka mwisho wa nyasi anauliza, "Kukhu, amelalaje?" Namwambia amelala. Anauliza, "Amekula?" Namwambia kidogo. Anarudi kukaa kwenye mlango wa hema lake anamtazama mke wake kutoka mbali. Niliona labda nimewapeleka watu watatu mbali sana kwa ajili ya kiti kingine.

Halafu ikaja mvua. Kulikuwa karibu kupambazuka, na kwa wale ambao hamjawahi kulala kisiwani, mvua ya ziwa haitangulizi matone. Inakuja yote. Niliamka nikamkuta Mama Wandera amesimama sebuleni na leso kichwani, anasikiliza upande wa nyasi.

"Mama Omuse," akasema. Omuse ni mtoto wangu wa kwanza. "Mkwe wangu ananyeshewa."

"Nasikia."

"Nabwire amelala?"

"Amelala."

Akachukua mkoba wake, akafungua mlango wa nyuma, akakimbia kwenye kibanda cha kupikia kilicho peke yake uani, kina bati juu na kuta za nusu. Akageuka akaniambia kutoka huko, "Mwambie aingie ndani. Mimi simo."

Nikachukua mwavuli nikaenda. Okiring alikuwa amekaa katikati ya hema ameshika nguzo kwa mikono miwili, maji yanapita chini yake kama amekalia mto.

"Ingia nyumbani," nikamwambia. "Mama ametoka."

"Ametoka kwenda wapi?"

"Yuko jikoni, huko nje."

"Mama yuko nje kwa mvua, mimi nikalale kitandani?" Nguzo ikamponyoka, akaidaka. "Watu wa Moding watasema nini?"

"Watu wa Moding wako Moding."

"Kukhu, siingii. Mwambie mama arudi, mimi niko sawa. Hili hema ni zuri."

Nikarudi jikoni. Mama Wandera alikuwa amekaa juu ya kinu, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja gari. Nikamweleza. Akasema, "Mwambie mimi saa hizi huwa nimeamka, ni kawaida yangu." Nikaenda nikamwambia. Akasema, "Mwambie hata mimi ni kawaida yangu." Nikarudi. Mwavuli ulikuwa umegeuka ndani nje. Nilikuwa mzee wa kutosha kuwa nimelala, na hapo nilikuwa natembea kati ya watu wazima wawili waliokataa nyumba kavu kwa sababu ya adabu.

Taa ikawaka ndani. Nabwire akatoka mlango wa nyuma, miguu mitupu.

"Kukhu, mama yuko wapi?"

"Jikoni."

"Na baba yuko wapi?" Hivyo ndivyo alikuwa anamwita mume wake zamani, walipokuwa wanatarajia mtoto. Sikuwa nimemsikia akimwita hivyo tangu mazishi.

"Hemani. Mama ametoka ili yeye aingie. Yeye amekataa kuingia kwa sababu mama ametoka."

Akaangalia jikoni, akamwona mama yake na mkoba. Akaangalia nyasi, akaona hema limelala upande mmoja na ndani yake mtu mrefu anashindana na kitambaa.

"Kwa hivyo nyumba yote ni yangu?" akasema.

"Yote."

"Vyumba vyote viwili?"

"Na sebule."

Akacheka. Kwanza ilikuwa kama kikohozi, nikataka kumshika. Halafu ikatoka yenyewe, akakaa kwenye kizingiti, akacheka mpaka akajishika tumbo. Na mkono wake ulipogusa tumbo, kicheko kikageuka kikawa kile kilio ambacho tulikuwa tumekingoja wote tangu hospitali. Mama yake akatoka jikoni anakimbia. Okiring akatoka hemani anakimbia. Wakakutana katikati ya uwanja, wote wawili wameloa, wakasimama ghafla, kila mmoja akaangalia chini.

"Mama, njoo wewe kwanza," Nabwire akasema.

Mama Wandera akapita, akakaa naye kizingitini, akamvuta kichwa kifuani. Okiring akageuka akawapa mgongo, akasimama kwenye mvua anatazama ziwa, na ziwa lenyewe lilikuwa halionekani. Nilikwenda nikasimama naye na mabaki ya mwavuli.

"Kukhu," akaniuliza bila kugeuka, "anacheka au analia?"

"Vyote viwili."

Akapangusa uso. "Ni sawa," akasema. "Hakukuwa na hata kimoja."

Mvua ilipokatika, Nabwire aliomba chakula. Mama yake alisonga ugali wa unga wetu palepale jikoni, tukala na samaki, sisi wanawake barazani, Okiring kwenye jiwe lake ng'ambo ya nyasi. Nabwire alibeba sahani ya mume wake mwenyewe, akampelekea, akakaa naye hapo kwenye jiwe mpaka jua likakausha nguo zao. Mama Wandera aliangalia upande mwingine, kama inavyotakiwa. Lakini aliniambia polepole, "Hiyo nyama ya samaki ya karibu na kichwa, ungempa mkwe wangu." Nilikuwa nimeshampa.

Sisemi kwamba alipona siku hiyo. Alirudi Malaba akazikunja nguo za mtoto yeye mwenyewe, akaziweka juu ya kabati, na siku nyingine bado zinamkuta vibaya. Lakini anafundisha. Na wale waliokuwa wakinong'ona, Okiring aliwajibu kwa kununua kiti cha pili cha dirishani.

Wiki iliyopita Nabwire alikuja hapa Adungosi kunitembelea, akanikuta napalilia. Wanataka kwenda tena likizo ijayo. Akisa ameshamwambia kwamba safari hii Nakato ana nyumba mbili zilizo wazi, zote zina vitanda vizuri, kila mmoja atalala pakavu.

"Mama amekataa," Nabwire akaniambia, na alikuwa anajaribu kutocheka. "Anasema hiyo nyumba ya pili iko mbali. Ati mvua ikija usiku, atajuaje mkwe wake yuko vipi? Anauliza kama hema bado lipo."

Lipo, Akisa. Nyuma ya mlango, kwenye mfuko wa kitenge. Lianike kwanza, kwa sababu nililifunga likiwa na unyevu kidogo pembeni. Upande wa kushoto nilitia kiraka, ukikivuta sana kitaachia. Kigingi kilichopinda kipige mahali mchanga ni mgumu, na uchimbe mfereji kulizunguka hata kama mbingu ni safi kabisa. Okiring amesema ataleta nguzo mpya, ndefu zaidi. Mwache alete. Miguu bado atakunja.